Ukikamatwa na Polisi Tanzania Bara: Mambo ya Kuangalia Tangu Saa ya Kwanza

Ndugu yako anapokamatwa na polisi, angalia saa na uiandike kabla hujabishana na mtu na kabla hujamtafuta wakili. Uhalali wa mengi yatakayofuata, kuanzia mahojiano hadi kufikishwa mahakamani, unapimwa kwa muda uliopita tangu mtuhumiwa awekwe chini ya ulinzi. Mipaka hiyo ipo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, na inasikitisha kwamba familia nyingi huijua ikiwa imekwisha kuvukwa.

Ibara ya 15 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza mtu kukamatwa au kufungiwa isipokuwa katika hali na kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Utaratibu wa kwanza ni hati ya kukamata, ambayo hutolewa na hakimu au mlinzi wa amani (mtu aliyepewa na sheria baadhi ya mamlaka ya hakimu) na hutaja jina la mtu na kosa analotuhumiwa. Una haki ya kuomba kuiona. Hata hivyo, si kila ukamataji usio na hati ni batili. Askari anaweza kumkamata bila hati mtu anayevunja amani mbele yake, anayemzuia kutekeleza kazi yake, aliyetoroka chini ya ulinzi halali, aliyekutwa na kitu kinachodhaniwa kwa sababu za msingi kuwa ni cha wizi, au anayeshukiwa, pia kwa sababu za msingi, kutenda kosa ambalo sheria inaruhusu likamatiwe bila hati. Maneno yenye uzito hapo ni "sababu za msingi". Chuki ya jirani au deni ambalo mtu ameshindwa kulipa si kosa la jinai kwa lenyewe, na kituo cha polisi hakikuwekwa kuwa ofisi ya kukusanyia madeni.

Askari anapaswa kumweleza mtuhumiwa kosa analokamatiwa wakati huohuo wa kumkamata. Si lazima atumie lugha ya kisheria, na anaweza asieleze ikiwa mtu amefumaniwa akitenda kosa au amefanya fujo kiasi kwamba haiwezekani kumweleza. Usipambane naye hata unapoamini kwamba umeonewa, kwa sababu kuzuia ukamataji kunaweza kuzaa shtaka jipya, ilhali uonevu wenyewe unaweza kulalamikiwa baadaye. Kwa upande wake, askari hatakiwi kutumia nguvu kuzidi ile inayohitajika kumzuia mtu asitoroke, na mwanamke hupekuliwa na mwanamke kwa staha.

Mahojiano ndiyo sehemu inayostahili uangalifu mkubwa kuliko zote, kwa kuwa huko ndiko kesi nyingi huamuliwa kabla hazijafika kwa hakimu. Sheria inatoa saa 4 za msingi za kumhoji mtuhumiwa, zinazoanza kuhesabiwa pale alipowekwa chini ya ulinzi kwa kosa hilo. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi, wala muda ambao mahojiano yamesimama ili awasiliane na wakili au ndugu. Mkuu wa upelelezi wa shauri hilo anaweza kuongeza saa nyingine zisizozidi 8 kabla zile za awali hazijaisha, naye anatakiwa kumjulisha mtuhumiwa. Nyongeza zaidi ya hapo huombwa kwa hakimu. Mahakama ya Rufani imewahi kuyaondoa kwenye ushahidi maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mtuhumiwa huyatoa polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake, yaliyoandikwa nje ya muda huu, na ndiyo sababu nimesisitiza saa iandikwe.

Kabla ya kuhojiwa, mtuhumiwa anapaswa kuelezwa, kwa lugha anayoielewa vizuri, kwamba halazimiki kujibu swali lolote isipokuwa la jina na anwani yake, na kwamba atakayosema yanaweza kutumika kama ushahidi. Akiomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, aruhusiwe, isipokuwa pale askari anapoamini kwa sababu za msingi kwamba mawasiliano hayo yatasaidia mshirika kutoroka au ushahidi kupotea. Asitie saini maelezo ambayo hajasomewa au hajayasoma mwenyewe, na akiwa mgonjwa aombe matibabu waziwazi.

Kuhusu saa 24 za kumfikisha mtuhumiwa mahakamani, kuna kutoelewana kwingi. Kwa aliyekamatwa bila hati, ikiwa haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo analazimika kulichunguza shauri na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kuwa zito. Akibaki mahabusu, lazima apelekwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Dhamana ya polisi haina malipo. Wadhamini wanaweza kutakiwa, lakini fedha ya kumtoa mtu haitakiwi, na anayeidai anadai rushwa.

Mkuu wa mkoa au wa wilaya naye anaweza kuagiza mtu azuiliwe kwa muda usiozidi saa 48, lakini kwa hatari halisi ya kuvunjika kwa amani isiyozuilika kwa njia nyingine, na sababu ziandikwe. Muda huo ukiisha bila mtu kufikishwa kwa hakimu, aachiwe.

Ikiwa kituo hakimwachii wala hakimfikishi mahakamani, wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru mtu huyo aletwe mbele yake na uhalali wa kuzuiliwa kwake uelezwe. Asiyemudu gharama atafute msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, akiwa na kumbukumbu ya saa ya kukamatwa, jina la kituo na majina ya walioshuhudia.