Igizo la udikteta darasani: mwalimu asiwe dikteta

Walimu wengi wanaofundisha udikteta kwa maigizo huanza kwa kukunja uso. Mwalimu anaingia, anagonga meza, anatoa amri, wanafunzi wanatii. Mimi siutaki mtindo huo. Mwanafunzi amezoea kumtii mwalimu tangu darasa la kwanza, kwa hiyo hapo hajifunzi jipya. Tena una hatari zake. Mwaka 1967 Ron Jones, mwalimu wa historia huko Palo Alto, California, alianzisha darasani vuguvugu aliloliita Wimbi la Tatu, lenye saluti na nidhamu yake, bila kuwaambia wanafunzi kwamba ni jaribio. Kwa maelezo yake mwenyewe, haikupita wiki wakaanza kuchongeana, akalivunja.

Basi waambie mapema kwamba ni igizo. Kubalianeni neno moja ambalo yeyote akilitamka kila kitu kinasimama, na anayetaka kukaa pembeni asiulizwe sababu. Nchi iwe ya kubuni. Kabila, dini, sura na hali ya nyumbani kwa mtu visiguswe hata kwa utani.

Tenga vipindi viwili vinavyofuatana. Unahitaji rais, mawaziri watatu, jaji na wahariri wawili wa gazeti la ukutani. Waliobaki ni raia. Urais usimpe mkorofi wa darasa, maana wenzake watasema tatizo lilikuwa ukorofi wake. Mpe yule mpole anayependwa na wote.

Sasa leta hofu. Mimi husoma tangazo kwamba ghala la chakula la taifa limeungua na aliyelichoma hajulikani. Rais anaomba mikutano ya watu zaidi ya watatu isimamishwe, kwa muda tu. Wanapiga kura kwa kunyoosha mikono, na karibu kila mara inapita. Halafu gazeti lipitie kwa waziri kabla ya kubandikwa. Halafu rais aruhusiwe kumbadilisha jaji. Kila hatua iwe na sababu inayoingia akilini, na kila hatua ipigiwe kura; hapo ndipo ulipo uzito wa somo. Ukiona wanakataa, usilazimishe. Soma tangazo la pili: kuna uvumi wa moto mwingine.

Baada ya kura ya tatu, gawa kadi zilizokunjwa, moja kwa kila raia. Tangaza kwamba huenda baadhi zina herufi M, yaani mtoa taarifa, na mwenye M ampelekee waziri majina ya wanaolalamika. Ni marufuku kuonyeshana. Kadi zote ziwe tupu. Kisha simama nyuma ya darasa utazame. Waliokuwa wakiandika malalamiko pamoja wanasogezeana viti mbali, mmoja anafunika karatasi kwa kiwiko, na mzaha dhidi ya rais unakatika katikati ya sentensi. Waache dakika kumi hivi, kisha waamuru wote wafunue kadi kwa pamoja.

Mazungumzo ya baadaye yachukue muda usiopungua ule wa igizo. Kwanza watoke kwenye nafasi zao: wavue beji, wabadilishane viti, waitane kwa majina yao. Swali la "mlijisikiaje" huzaa majibu ya juujuu. Mimi huuliza ni kura ipi kila mmoja angeibadili, na kwa nini hakufanya hivyo wakati ule. Rais azungumze mwisho, la sivyo wenzake watamrushia lawama zote apumbazike.

Hapo ndipo naandika tarehe ubaoni. Tarehe 27 Februari 1933 jengo la bunge la Ujerumani liliungua. Kesho yake ilitolewa amri iliyosimamisha uhuru wa magazeti, wa kukutana na wa kuunda vyama, pamoja na usiri wa barua na simu. Tarehe 23 Machi bunge likampa Hitler na serikali yake madaraka ya kutunga sheria bila bunge, kwa kura 444 dhidi ya 94, huku wabunge wa Kikomunisti wakiwa wamezuiwa kuingia. Wanafunzi waweke amri zao kando ya hizo na wapige mstari zinapofanana.

Siri ya kadi tupu haidumu, kwani mkondo wa pili utaisikia wakati wa mapumziko. Huko andika M kwenye kadi mbili kweli, kisha ulinganishe minong'ono ya madarasa yote mawili.