Andika kanuni zako ukiwa umetulia, zije zikuamulie siku umevurugwa

Ukimuuliza mtu kanuni zako za maisha na biashara ni zipi, wengi watakwambia uaminifu, nidhamu, kujituma, kumtanguliza Mungu. Maneno mazuri sana na mi siyapingi hata moja. Ila muulize huyohuyo, jana jioni mteja alipokuomba achukue mzigo alipe mwisho wa mwezi, hiyo nidhamu ilikwambia ufanye nini? Hapo anakaa kimya, kwasababu alichotaja ni majina ya tabia anazozitamani. Kanuni kwangu mimi ni uamuzi ulioufanya mapema, kichwa kikiwa kimetulia, kuhusu jambo ambalo unajua kabisa litakuja, alafu siku likija huanzi kuwaza upya, unafata ulichoandika.

Maana biashara na maisha haviharibiki siku tumetulia. Vinaharibika siku mauzo yamekauka, siku umegombana nyumbani, siku umeshika hela nyingi kuliko ulivyozoea, siku mtu unayempenda amekuja na shida yake. Siku kama hizo kila uamuzi wa hovyo unakuja na sababu nzuri mkononi.

Mi hili limeniuma kwanza ndo nikalielewa. Nilikua nachukua oda, mteja analipa nusu mwanzoni, nusu nyingine akishapokea mzigo wake. Mwezi mmoja nyumbani ikatokea shida, nikachukua ile advansi ya mteja nikaitatua, nikajiambia kesho kutwa itaingia nyingine nitarudishia. Ikaingia kweli, nikanunulia mzigo wa yule wa kwanza, kwahiyo wa pili nae hela yake ikawa haipo, nikawa nasubiri wa tatu aje aokoe wa pili, na nikaenda hivyo miezi minne nzima kila mteja mpya anamlipia aliyemtangulia bila kujua, mpaka ikafika wiki oda hazikuja kabisa na watu watatu wananipigia simu siku moja. Hela niliyochukua mwanzo wala haikua kubwa. Niliuza vitu vya ndani ili niwape watu mizigo yao, na usiku ule nikaandika kanuni yangu ya kwanza: advansi ya mteja sio yangu mpaka mzigo umemfikia, inakaa akaunti ya peke yake, na haitoki kwa kitu kingine hata kama ni ugonjwa.

Hapo kwenye ugonjwa najua kuna mtu ataona nina roho ngumu. Ugonjwa unatakiwa uwe na akiba yake, na akiba ikiisha kakope kwa mtu anayejua kwamba anakukopesha. Yule mteja wangu hakujua kama amenikopesha, na hilo ndo linaloniuma mpaka leo.

Sasa unaziandikaje za kwako. Usianze kwa kuiga za tajiri fulani, anza na pale ulipoumia. Chukua karatasi andika mara tano za mwisho ulizopoteza hela, au muda, au mtu wa maana, na ndani kabisa unajua kosa lilikua lako. Yale ambayo wengine walikukosea yaache kwanza, hayo huwezi kuyawekea kanuni. Alafu pembeni ya kila tukio andika ulikua kwenye hali gani: hasira, furaha, uchovu, haraka, aibu. Usiruke hii sehemu, ndo yenye dawa. Kwa watu niliowasaidia kufanya hili zoezi, aibu inajirudia kupita zote, yani mtu alijua kabisa hatakiwi kukubali ila alishindwa kutamka hapana mbele ya mtu.

Ukishapata hizo hali, kila moja itungie sentensi moja tu. Na sentensi hiyo ipime hivi: usiku kabla ya kulala, unaweza kujibu ndio au hapana kama umeifata? "Nitakua mwaminifu kwa wateja" huwezi kujibu, kila mtu ni mwaminifu kwa macho yake mwenyewe. "Mzigo ukitaka kuchelewa, mteja ananisikia mimi kabla siku ya ahadi haijafika" hiyo inajibika. Ikishindikana kujibika ivunje uiandike tena, weka ndani yake namba, au siku, au kikomo.

Kwenye hela nitakaa kidogo, sababu wengi wanaofunga biashara wakiwa na wateja wamejaa wanafungwa na hesabu ndogondogo ambazo hawakuwahi kukaa chini wakazipiga.

Chukua bidhaa umeinunua 100 unaiuza 125. Faida 25, na mtu anasema napata asilimia 25. Sawa, ila hiyo ni asilimia 25 ya bei ya kununulia, ukiitazama kwa bei ya kuuzia ni asilimia 20 tu. Jioni amehesabu mauzo 1,000 anatoa 250 anasema hii faida yangu naenda nayo nyumbani, wakati faida ya kweli ni 200, maana mzigo ule ulimgharimu 800. Ile 50 ni mtaji. Anafanya hivyo siku 20 ameshakula 1,000 ya mtaji, rafu zinaanza kupungua vitu, anasema biashara ina mkosi. Na hapo hatujatoa pango, usafiri wala mshahara wa msaidizi, vyote vinatoka kwenye ile ile 200.

Kwahiyo kanuni ya pili: sitoi hela dukani kwa kukisia. Jipangie mshahara, hata uwe mdogo wa kukusikitisha, ulipwe tarehe moja kila mwezi kama mfanyakazi mwingine yeyote, na hela ya nyumbani ikiisha tarehe 20 basi imeisha, unabana nyumbani mpaka tarehe ifike.

Punguzo nalo. Bidhaa ileile ya 125, mteja anakwambia kaka nipunguzie asilimia kumi tu. Kumi inasikika ndogo. Ila asilimia kumi ya 125 ni 12.5, na faida yako yote ilikua 25, kwahiyo umetoa nusu ya faida kwa neno moja, na ili upate faida ileile itabidi uuze mara mbili yake. Sisemi usipunguze kabisa, mi mwenyewe napunguza, lakini mwisho wa kupunguza naujua kabla mteja hajaingia, nimeuandika kwenye kila bidhaa, na yule anaesimama nyuma ya kaunta anaujua pia, hivyo hakuna anaebembelezwa akalegea.

Kukopesha ni hesabu ya hivyohivyo ila inauma zaidi. Umemkopesha mtu bidhaa ya 125 hakulipa, umepoteza 100 yako ya mfukoni. Kila ukiuza nyingine unapata 25, kwahiyo unahitaji kuuza nne ili tu urudi pale ulipokua, mauzo manne bila faida hata moja. Ukiijua hii hesabu, neno hapana linatoka lenyewe mdomoni. Kanuni yangu: nakopesha kiasi ambacho kisiporudi sitamchukia mtu na sitashindwa kununua mzigo, jumla ya madeni yote ya nje nina kikomo chake, na kikifika hakopeshwi mtu mwingine hata awe ndugu wa damu mpaka mmoja alipe.

Na kukopa wewe mwenyewe, kabla hujasaini chukua 72 ugawe kwa asilimia ya riba, jibu ndo muda ambao deni litajizidisha mara mbili kama hulipi kitu na riba inapanda juu ya riba. Riba ya asilimia 6 kwa mwezi, 72 gawa kwa 6 ni 12, yani mwaka mmoja tu deni limekua mara mbili. Mtu akikwambia "asilimia sita tu" muulize kwanza ya mwezi au ya mwaka.

Yote haya hayawezekani bila kuandika. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na sio wao peke yao, mwaka 1494 mtawa mmoja wa Italia anaitwa Luca Pacioli alichapisha maelezo ya namna wafanyabiashara wa Venice walivyokua wanaandika kila muamala pande mbili, kilichotoka na kilichoingia, na mpaka leo programu za uhasibu zimejengwa juu ya wazo hilohilo. We huhitaji yote hayo kuanza, daftari la kawaida lenye safu tatu linatosha, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, ila liandikwe kila siku, la jana liwe la jana, ukiliacha siku nne unaanza kutunga.

Kwenye maneno yako ntasema kifupi. Ahadi ni deni, wote tunajua, tatizo letu ni kwamba tunaahidi tukiwa tunataka kumfurahisha mtu. Mi sasa hivi nikiulizwa lini, sijibu papo hapo, namwambia nitakujibu leo jioni, naenda kuangalia kazi zilizopo alafu naongeza siku mbili juu. Mteja anaeambiwa Ijumaa akapokea Jumatano anakuletea wengine, na anaeambiwa Jumatatu akapokea Jumatano hiyohiyo anakusema vibaya, wakati mzigo umefika siku ileile.

Ndugu na marafiki ukifanya nao biashara, andikeni kabla mambo hayajawa mazuri. Nani anatoa nini, nani anaamua nini, na mmoja akitaka kutoka anatokaje. Hilo la kutoka watu wanaona kama kujitakia mabaya kulizungumza mapema, ila nimeona urafiki wa miaka mingi ukifia hapohapo, na tena biashara ilikua inaingiza hela vizuri tu.

Na mwili wako. Baada ya saa tatu usiku sifanyi uamuzi wowote wa hela, sijibu meseji ya hasira, sikubali dili. Ikiwa ni nzuri kweli asubuhi bado itakua nzuri.

Sasa zifike ngapi? Chache. Benjamin Franklin, mchapishaji wa zamani wa Philadelphia kule Marekani, alijiandikia tabia 13, akatengeneza kijitabu chenye ukurasa wa kila moja na safu saba za siku za wiki, kila usiku anaweka doa jeusi pale alipoteleza. Hakukazania zote kwa pamoja, kila wiki alishika moja kwa nguvu, wiki 13 duru inaisha, kwa mwaka duru nne. Na mwenyewe alikiri kwamba utaratibu, yani kupanga vitu na muda wake, ulimsumbua kuliko zote na hakuwahi kuumudu sawasawa. Mi nakushauri hata 13 usifike, anza na tano, tatu za hela na mbili za maisha, ziandike kwa mkono, na nakala umpe mtu mmoja ambae hakuogopi, mke, mume, dada, rafiki, mwenye ruhusa ya kukuuliza siku yoyote.

Kubadilisha kanuni inaruhusiwa, maana zingine utaziandika vibaya, ila weka siku maalum ya kuzibadilisha, tuseme mwisho wa kila miezi mitatu. Usiibadilishe siku ileile inapokubana. Ukijikuta unasema "leo tu" hiyo ndo siku ambayo kanuni iliandikwa kwa ajili yake.

Na utazivunja, hilo ujue kabisa. Ukivunja weka doa lako, pembeni yake andika neno moja la hali uliyokua nayo, alafu kalale. Siku doa lenye neno lilelile likifika la tatu, rudi kwenye ile karatasi ya mwanzo, kanuni hiyo kikomo chake umekiweka mahali pasipofaa, iandike tena.