Namna ya Kuchagua Kipenyo cha Mirija ya Ekzosi kwa Injini ya Mwendo Kasi

Mteja wa garaji hapa Bukavu anayetaka gari lake liwe na nguvu zaidi mara nyingi huomba mirija ya ekzosi (mabomba ya kutolea moshi, moja kwa kila silinda) iliyo mipana kuliko yote, na akishaipata huanza kushangaa kwa nini gari linalegea kwenye mpando wa Kadutu. Moshi unaotoka kwenye silinda kwa kasi huacha nyuma yake presha ndogo, nayo husaidia kufagia mabaki ya moshi na kuvuta hewa mpya katika kile kipindi kifupi ambacho valvu ya kuingiza na ya kutoa zote ziko wazi. Mrija ukiwa mpana mno, kasi hupungua na mvuto huo hudhoofika. Ukiwa mwembamba mno, pistoni hupoteza nguvu kwa kuusukuma moshi nje.

Kwa hiyo amua kwanza ni katika mizunguko mingapi kwa dakika unataka torki (nguvu ya kuzungusha) iwe kubwa kabisa. Zidisha mizunguko hiyo kwa ujazo wa silinda moja katika sentimita za ujazo, kisha gawanya kwa 224,000; utapata eneo la ndani la mrija katika sentimita za mraba. Kigawanyo hicho huiweka kasi ya wastani ya moshi karibu na mita 75 kwa sekunde. Tuchukue injini ya Toyota 3S-GE yenye sentimita za ujazo 1,998, yaani karibu 500 kwa kila silinda: kwa torki ya mizunguko 5,500 eneo ni 12.3, na kipenyo cha ndani ni takriban milimita 39.5. Bomba la kipenyo cha nje cha milimita 42.4 na ukuta wenye unene wa milimita 1.5 linakufikisha hapo. Ukichukua la 48.3 lenye unene uleule, torki inahamia karibu na mizunguko 7,200, ambayo barabara za mji huu, zenye kona na miteremko, hazikupi nafasi ya kuifikia. Kwa gari la kutumia kila siku ningeshusha lengo hata chini ya 5,500.

Wapo wanaodai kwamba mji ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari unahitaji mirija mipana zaidi. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuishindilia hewa) hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, lakini ujazo ambao pistoni husukuma haubadiliki, hivyo hesabu inabaki ileile na bomba pana halirudishi kilichopotea.

Hesabu huharibikia kwenye kona za mabomba. Fundi akikunja bomba tupu, ukuta wa ndani hubonyea na kipenyo hupungua pale pale ambapo moshi unageuka. Mwombe alijaze mchanga mkavu, uliogandamizwa vizuri, kabla ya kulipasha moto. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) sehemu nyembamba kuliko zote, na uingize kidole kwenye kila maungio: tone la welda lililochomoza ndani lisuguliwe kwa tupa mpaka liishe kabisa. Mdomo wa mrija usiwe mdogo kuliko tundu la kichwa cha silinda.

Mpangilio wa mirija minne inayoungana mara moja unafaa mizunguko ya juu. Ule unaounganisha silinda ya 1 na ya 4, kisha ya 2 na ya 3, kabla ya kuwa bomba moja, hutanua torki ya katikati, na ndio ninaoupendekeza hapa. Urefu wa mirija ulingane kadiri nafasi inavyoruhusu.

Wakati wa kuchomelea, funga flanji (bamba linaloshikilia mirija kwenye injini) kwa bolti kwenye kichwa cha silinda kizee ili joto lisiipinde. Baada ya kufunga, washa injini ikiwa baridi na usikilize kila gasketi, kwa sababu ufa ulio kabla ya kihisi cha oksijeni huingiza hewa ya nje, na kompyuta ya gari, ikidhani mafuta ni machache, huongeza mafuta yasiyohitajika.