Kabla ya Safari Ndefu ya Miguu: Hesabu Zinazokosewa Nyumbani

Mtu hutembea kilomita 25 kwa siku moja akiwa na begi jepesi, akarudi nyumbani, akaoga, akalala kitandani kwake, na asubuhi akaamka mzima. Hapo ndipo hesabu inapoanza: kilomita 25 mara siku 30 ni 750, basi mwezi mmoja unatosha. Hesabu ni sahihi, ila mwili hauifuati. Siku ile moja ilianza na miguu iliyopumzika, viatu vikavu, tumbo lililoshiba na usingizi wa kutosha. Siku ya 12 huanza na viporo vya siku 11. Karibu kila jambo la kuzingatia kabla ya safari ya masafa marefu linatokana na tofauti hiyo.

Chukua Appalachian Trail ya Marekani, njia ya kilomita zipatazo 3,500 kutoka Georgia hadi Maine. Kati ya wanaoanza kwa nia ya kuimaliza yote ndani ya mwaka mmoja, wanaofika mwisho ni takriban mmoja kati ya wanne. Wengi wa wanaoacha hawakuwa wanyonge. Wameumia, wameishiwa fedha, au wamechoshwa na kulowa na baridi ya kila siku. Na mwaka 1955 Emma Gatewood aliimaliza peke yake akiwa na umri wa miaka 67, miguuni amevaa raba, vitu vyake vyote vikiwa kwenye mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe. Raba zake si lazima mtu aziige. Uchache wa mizigo yake ndio wa kuigwa.

Anza na mwendo. Kanuni iliyotolewa na mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, mwaka 1892, bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 20 yenye mpando wa mita 1,200 ni saa 4 za umbali na saa 2 za mwinuko, jumla saa 6. Hizo ni saa za kutembea tu, kwa mtu mwenye afya, kwenye njia nzuri. Ongeza kuchota na kuchuja maji, kula, kuvua viatu, kuvaa koti la mvua na kulivua, kurudi nyuma ulikopotea njia. Ongeza tope na mawe. Saa 6 za kwenye karatasi zinakuwa 8 au 9, na kama ulianza saa 4 asubuhi, utasimamisha hema gizani. Kwa hiyo pima siku kwa saa za mwanga, usizipime kwa kilomita, na uweke mapema saa ya kusimama au kugeuza hata kama hujafika ulipopanga.

Hatari kubwa ya mwezi wa kwanza ni kwamba mwili haukui wote kwa kasi moja. Pumzi na misuli huimarika ndani ya wiki chache. Kano na mifupa huchukua miezi. Ndiyo maana majeraha mengi huja pale mtu anapoanza kujisikia ana nguvu, kwenye wiki ya pili au ya tatu: mapafu yanaruhusu kilomita 30, kano ya kisigino hairuhusu. Wiki ya kwanza usipite kilomita 13 hadi 16 kwa siku, hata kama unafika kambini saa 8 mchana na hujui ufanye nini. Kisha ongeza kidogo kidogo, na weka siku nzima ya mapumziko walau kila wiki.

Maumivu nayo yana lugha yake, na inafaa kuijua kabla ya kuondoka. Ukakamavu wa asubuhi unaolegea baada ya nusu saa ya kutembea unavumilika, ila ni onyo la kupunguza mwendo. Maumivu yanayozidi kadiri unavyotembea mpaka unachechemea ni amri ya kusimama, kwa sababu kuchechemea kunahamishia uzito kwenye goti au nyonga ya upande wa pili, na badala ya jeraha moja unapata mawili. Na ukibonyeza mfupa wa muundi au wa juu ya wayo kwa kidole ukapata pahali pamoja padogo panapouma sana, huenda mfupa umeanza kupata ufa. Hapo safari inasimama mpaka daktari aone.

Maandalizi ya mwili yapewe wiki 8 hadi 12. Kukimbia barabarani kunasaidia pumzi lakini hakufundishi mabega kubeba wala miguu kuteremka na uzito. Tembea na begi lile lile utakalosafiri nalo, panda na shuka ngazi, na muhimu kuliko yote, tembea siku mbili mfululizo. Siku ya pili ndiyo inayofundisha.

Miguu inastahili nafasi ndefu zaidi hapa. Lengelenge halitokani na ngozi kusuguliwa juu juu kama wengi wanavyodhani. Ngozi hunata kwenye soksi, soksi hunata kwenye kiatu, huku mfupa wa ndani ukiendelea kwenda mbele na nyuma kila hatua. Tabaka za ngozi zinavutwa pande mbili mpaka zinaachana, na nafasi iliyobaki inajaa maji. Ngozi yenye unyevu hunata zaidi, ndiyo maana siku ya mvua au ya jasho huzaa malengelenge hata kwenye viatu vilivyozoeleka. Kinachoanza ni joto: pahali pamoja panachoma kidogo, bado hapajauma. Ukilisikia, simama hapo hapo, usisubiri kituo kinachofuata. Vua kiatu na soksi, kung'uta mchanga, kausha ngozi, kisha bandika tepu iliyokatwa kwa pembe za mviringo, maana pembe kali hujikunja na kutengeneza msuguano mpya. Kazi hiyo ni ya dakika 5. Kuipuuza kunaweza kukugharimu siku 5.

Lengelenge dogo lisilouma liache lilivyo. Kubwa linalozuia kutembea litobolewe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, likamuliwe taratibu, ngozi ya juu iachwe palepale na ifunikwe. Wekundu unaoenea, usaha au homa ni kazi ya hospitali.

Viatu vinunuliwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi za safari. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kwa wengi hiyo ni nusu namba au namba nzima zaidi ya kawaida. Baada ya wiki kadhaa za kubeba mzigo miguu huweza kupanuka, na kwa baadhi ya watu hairudi tena, kwa hiyo usinunue jozi zote za safari nzima kabla ya kuondoka. Viatu vyepesi hudumu kwa takriban kilomita 500 hadi 800. Soli ya nje inaweza kuonekana bado nzima wakati povu la ndani, yaani tabaka laini la soli, limeshalala na halifyonzi tena kishindo. Maumivu mapya ya magoti na nyayo yasiyo na sababu mara nyingi ni taarifa hiyo. Kabla ya mteremko mrefu kaza kamba kwenye matundu ya juu ili kisigino kikae nyuma, na kata kucha fupi na kwa mstari ulionyooka. Kucha nyeusi ni matokeo ya vidole kugonga ncha ya kiatu maelfu ya mara.

Kuhusu uzito, mizani iwe ndiyo mwamuzi. Pima kila kitu, hata mfuko wa dawa na chaja. Tuseme begi pamoja na hema, malazi na nguo ni kilo 9. Chakula cha siku 5 kwa gramu 800 kila siku ni kilo 4. Maji lita 3 ni kilo 3. Umefika kilo 16, na hujaweka kitabu wala kamera. Lengo linalowafaa wengi ni kutozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili, chakula na maji vikiwemo. Uzito wa kweli hupungua kwenye vitu vinne vikubwa: begi, hema, mfuko wa kulalia na godoro jembamba la safari. Kukata mpini wa mswaki hakusaidii mtu aliyebeba suruali nne.

Nguo za pamba ziache. Pamba hunywa maji, hukauka polepole na hunyonya joto la mwili. Koti la mvua nalo lisitarajiwe kufanya miujiza: mvua ikinyesha kutwa nzima, kitambaa cha nje hulowa, jasho linashindwa kutoka, na unalowa kwa ndani. Matarajio sahihi ni koti likulinde na upepo na kukutunzia joto. Kinacholindwa kwa vyovyote vile ni jozi moja ya nguo na soksi za kulalia, ndani ya mfuko usiopitisha maji, zisizoguswa mchana hata ukitetemeka vipi mwisho wa siku kabla hujasimamisha hema. Maana yake ni kwamba asubuhi unavua soksi kavu zenye joto na kuingiza miguu kwenye zile zilizolowa jana, baridi kama samaki. Jizoeze hilo kabla, kwa sababu wengi huvaa kavu asubuhi ya kwanza, na usiku wa pili hawana kikavu chochote.

Mfuko wa kulalia huandikwa vipimo viwili: joto la kulala kwa raha, na joto la mwisho la kuvumilia. Nunua kwa kufuata cha kwanza. Manyoya au nyuzi zilizo chini ya mgongo hubanwa na haziwezi kushika joto, hivyo baridi ya ardhini huzuiwa na godoro na wala si mfuko. Mfuko mzuri juu ya godoro hafifu bado ni usiku wa kutetemeka. Kumbuka pia kwamba joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Ukipita mita 3,000, kanuni ya kawaida ni kutopandisha mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kupumzika siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Kuumwa kichwa pamoja na kichefuchefu huko juu ni sababu ya kutopanda zaidi. Kuyumba au kuhema ukiwa umekaa ni sababu ya kushuka mara moja, hata usiku.

Chakula huwashangaza watu mara mbili. Siku za kwanza hamu ya kula hupotea, na unabeba milima ya chakula usichokigusa. Baada ya wiki mbili au tatu huja njaa isiyoisha, kwa kuwa mwili unaweza kuchoma zaidi ya kilokalori 4,000 kwa siku huku begi likibeba chini ya hapo. Gramu 100 za wanga hutoa takriban kilokalori 400, gramu 100 za mafuta takriban 900. Karanga, siagi ya karanga na mafuta ya kupikia ndivyo vinavyolipa uzito wake. Usifungashe chakula cha miezi yote nyumbani: kiasi kitakuwa si chenyewe, na ladha uliyoipenda utaikinai.

Maji yachemshwe kwa dakika moja kamili, dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000, au yachujwe. Chujio nyingi za mkononi huzuia bakteria na vijidudu vikubwa lakini virusi hupita. Chujio iliyotumika ikiganda barafu hupasuka ndani bila kuonekana nje, kwa hiyo usiku wa baridi kali ilale nawe kwenye mfuko wa kulalia. Kuharisha njiani mara nyingi kunatoka mikononi, na si mtoni. Kipande cha sabuni ni bora kuliko jeli ya mikono, kwa sababu baadhi ya virusi vya tumbo havifi kwa jeli. Ukitoka jasho sana kula na chumvi. Kunywa maji matupu lita kwa lita kunaweza kushusha chumvi ya damu mpaka mtu achanganyikiwe.

Simu ihifadhi ramani zisizohitaji intaneti na ikae kwenye hali ya ndege. Ramani ya karatasi na dira viwepo pia, na ujue kuvitumia. Mtu mmoja wa nyumbani awe na njia yako kwa maandishi, tarehe ya kuwasiliana, na saa ambayo ikipita atoe taarifa, pamoja na namba ya kupigia.

Upweke na kuchoka akili huja hata kwa wanaopenda sana kutembea. Saa nyingi za safari ni miti ile ile na matope yale yale, na kwenye wiki ya tatu ugeni wa jambo umeshaisha. Jiwekee sharti mapema: kama huumwi na hujaumia, hakuna uamuzi wa kuacha unaofanywa ukiwa umelowa, una njaa au hujalala. Kula, kauka, lala, kisha amua. Na bajeti ihesabu siku za mjini, maana ndiko fedha zinakoishia: kitanda, milo mikubwa, kufua, jozi mpya ya viatu.

Baada ya yote hayo, fanya jaribio moja la usiku mbili na siku tatu, na begi kamili. Chagua siku ambazo utabiri unasema mvua, mradi hakuna radi wala mafuriko. Asubuhi ya tatu, kabla ya kuvaa viatu, bonyeza nyayo na miundi kidole kwa kidole, pima chakula kilichobaki, kisha mwaga begi lote chini na utenge kila ambacho hakijatumika. Dawa, taa na nguo za mvua virudi ndani. Vingine vibaki nyumbani.