Familia ya Mmisionari Inapoamua Mahali pa Kuhudumu Baada ya Muhula Kwisha

Barua ya kumaliza muhula hufika mapema kuliko familia inavyotarajia. Sisi tulikuwa tumehudumu miaka minane katika wilaya ya vijijini ya jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, tukiwa tumetumwa na dayosisi yetu ya Tanzania, na barua ilitukuta huko ikiwa imebaki miezi kumi na minne mkataba uishe. Iliuliza jambo moja: mtaendelea, mtahamia kwingine, au mtarudi nyumbani? Tuliiweka ndani ya Biblia tukiamini kwamba muda ungali mwingi, na miezi mitano ikapita kabla hatujaigusa tena. Mwongozo huu unahusu namna ya kuutumia muda huo ipasavyo. Nauandika kwa ajili ya familia zinazotumwa na makanisa ya Afrika Mashariki, kwa kuwa fedha zetu, shule za watoto wetu na matarajio ya ndugu zetu nyumbani yana taratibu zake, na ushauri uliotayarishwa kwa ajili ya wamisionari wa Ulaya au Marekani hautufai kila mahali.

Kabla ya hatua yoyote, someni pamoja Matendo ya Mitume 16:6-10. Tumezoea kuhubiri fungu hili kama habari za mtu mmoja aliyeona maono usiku. Ni kweli kwamba Paulo ndiye aliyemwona mtu wa Makedonia akimsihi avuke. Lakini tazameni viambishi vya vitenzi: aliyeona ni "a-", na katika mstari wa 10 wanaotaka kuondoka na kupata hakika kwamba Mungu amewaita ni "tu-". Maono yalikuwa ya mmoja, hakika ikawa ya wote waliokuwa safarini pamoja naye. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba familia ambayo haijafika kwenye "tu-" haijafikia uamuzi, hata kama baba ana barua ya Askofu mkononi. Angalieni pia kwamba kabla ya Makedonia walizuiwa mara mbili, Asia na kisha Bithinia, na Luka hasemi kwamba kuzuiwa huko kulikuwa adhabu au upungufu wa imani.

Anzeni na mazungumzo ya wenzi wawili, na yaanzeni bila ramani mezani

Ramani ikifunguliwa mapema, mazungumzo huwa ya nchi badala ya kuwa ya watu. Kila mmoja achukue karatasi yake na ajibu maswali matatu bila kumwonyesha mwenzake: ni kazi gani hapa itakayokufa tukiondoka, ni jambo gani limenichosha kiasi kwamba sitaki kulirudia mahali popote, na ni kitu gani nitakililia tukishaondoka. Baada ya siku tatu au nne mbadilishane karatasi, kila mtu asome ya mwenzake kimya, na asiwepo wa kujitetea jioni hiyo.

Karatasi ya mke wangu ilikuwa na sentensi moja kwenye swali la pili. Aliandika kwamba hataki tena kuitwa mke wa mmisionari mahali ambapo yeye mwenyewe hana kazi inayotambuliwa. Ni muuguzi. Kwa miaka minane taaluma yake ilikuwa imelala, naye alikuwa amewapikia wageni wa kanisa, amefundisha watoto Jumapili na kuwauguza majirani usiku bila mtu yeyote kuiita kazi hiyo kwa jina lake. Nilikuwa nimeishi naye nyumba moja nisijue. Kuanzia siku ile tulikubaliana kwamba mahali popote pasipo na nafasi yake iliyoandikwa kwenye barua ya mwaliko, kama ilivyoandikwa yangu, hapatakuwamo katika maombi yetu. Nazishauri familia zote ziweke sharti hilo.

Watoto

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asiharakishe, kwa sababu hapa ndipo wengi tumekosea. Binti yetu mkubwa alikuwa na miaka kumi na minne, kijana wetu kumi na mmoja, na mdogo sita. Nyumbani walizungumza Kiswahili, shuleni Kireno, na uwanjani Kimakua, tena Kimakua cha watoto wenyeji ambacho mimi sikukifikia. Tulipokuwa tukisema "kurudi nyumbani" tulimaanisha kwa babu na bibi yao, mahali ambapo wao hulala kama wageni na kuchekwa kwa lafudhi yao. Kwao nyumbani palikuwa pale tulipotaka kupahama.

Msiwaulize watoto kama wanataka kwenda mahali fulani, kwa kuwa mnawatwika mzigo wa uamuzi usio wao. Waulizeni watapoteza nini, na mwandike wanavyosema bila kuwasahihisha. Na msitumie neno "Mungu ametuita" kama jibu la kuwafunga midomo, kwa sababu mtoto anayenyamazishwa kwa jina la Mungu hujifunza kwamba Mungu ndiye aliyemnyang'anya rafiki zake. Anaweza kulibeba jambo hilo hadi utu uzima bila ninyi kujua. Kama tayari mmeshafanya hivyo, kama tulivyofanya sisi katika uhamisho wa kwanza, waombeni radhi waziwazi kabla ya kuzungumzia uhamisho wa pili.

Kisha wekeni kalenda za shule kando ya kalenda ya kanisa. Tanzania mwaka wa masomo huanza Januari, mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na wa kidato cha nne Novemba, ilhali Msumbiji mwaka wa masomo huanza baada yetu. Mtoto aliyesoma kwa Kireno akirudishwa katikati ya sekondari atakutana na masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza, na vyeti vyake vitahitaji kupelekwa Baraza la Mitihani la Tanzania kwa ajili ya ulinganifu. Jambo hilo linawezekana, lakini lahitaji miezi, kwa hiyo ulizeni mapema na mtunze ripoti zote za shule, zikiwa na mihuri. Hameni mtoto anapomaliza hatua ya masomo, hata kama kanisa linalowapokea lingependa mfike mapema zaidi. Kuhusu bweni, maoni yangu ni haya: mtoto aliye chini ya miaka kumi na miwili asipelekwe bweni katika nchi nyingine ili kurahisisha huduma ya wazazi. Nimewahi kusikia hoja zote za upande wa pili, na hazijanishawishi.

Kanisa lililowatuma

Paulo na Barnaba walitumwa na kanisa la Antiokia, na walipomaliza safari ya kwanza walirudi huko huko, wakaeleza yote Mungu aliyoyafanya pamoja nao, wakakaa na wanafunzi muda usio mfupi. Ombeni likizo ya namna hiyo kabla ya kuamua, isipungue miezi mitatu, na sehemu yake iwe ya kukaa katika usharika mmoja mkihudhuria ibada kama washarika wengine. Likizo inayomalizika kwa kuzunguka kila Jumapili na picha za ubatizo kukusanya ahadi haiwapi nafasi ya kuulizwa mnaendeleaje. Waelezeni wazee wa kanisa mambo yaliyoshindikana pia. Sisi tulisita, tukidhani michango ingepungua, na mzee mmoja akatwambia kwamba alikuwa akituombea ushindi miaka yote kwa kuwa hatukumpa jambo lingine la kuombea.

Masuala ya fedha yamalizwe kwa maandishi. Sharika nyingi hutoa kwa msimu, baada ya kuuza korosho, kahawa au mahindi, na bei ikianguka fungu la misheni huwa la kwanza kupungua, wakati kodi ya nyumba ugenini haingojei msimu. Tengenezeni bajeti ya mwaka mzima kwa fedha ya nchi mnayokwenda, mwione pia kwa shilingi na dola, kisha ombeni idara ya misheni ijibu kwa barua nani atalipa ada za watoto, kibali cha ukaazi, michango yenu ya NSSF, matibabu makubwa, na nauli ya kurudi kwa dharura. Kama jibu ni "tutaona", basi mahali hapo bado hapajawa tayari.

Kanisa linalowaalika

Katika utamaduni wetu mtu yeyote akitamka kwamba anataka kutembelea, ataambiwa "karibuni sana". Neno hilo ni la adabu, na halitoshi kuhamisha familia. Mwaliko wa kweli hutaja kazi, humtaja atakayewasimamia, na husema ni kwa muda gani. Ulizeni kazi hiyo ilifanywa na nani kabla, na kwa nini aliondoka. Ulizeni pia kama yupo mwinjilisti mwenyeji anayeweza kuifanya akipewa mafunzo au baiskeli tu. Kama yupo, pendekezeni fedha za uhamisho wenu ziende kwake. Najua pendekezo hilo ni gumu kwa familia inayosubiri nafasi, lakini uinjilisti si ajira yetu ya kuitetea.

Zipo pia ruhusa za serikali. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, ambaye sote tunamjua kwa kazi yake Rabai, karibu na Mombasa, hakuwa amepanga kuja pwani yetu. Alihudumu Ethiopia mpaka milango ikafungwa, akazunguka kwa bahari, na mwaka 1844 akafika Unguja ambako Sultani Sayyid Said alimpa barua ya utambulisho kabla hajakwenda Mombasa. Mwaka ule ule mkewe Rosina na mtoto wao mchanga walifariki, na kaburi la Rosina liko upande wa Nyali hadi leo. Mara nyingi tunalitaja kaburi hilo kama mfano wa kujitoa. Mimi huliona pia kama swali ambalo kila baba anapaswa kulijibu: mama akipatwa na uchungu usiku, au mtoto akishikwa na malaria kali, hospitali ya karibu iko umbali wa saa ngapi, na njia inapitika masika? Kwa vibali vya siku hizi, hakikisheni kwamba kanisa linalowaalika limesajiliwa na lina haki ya kuwaombea ukaazi. Msumbiji Mtanzania huweza kuingia kwa muda mfupi bila viza, lakini kuishi kunahitaji kitambulisho cha ukaazi kiitwacho DIRE, na kuingia na kutoka mpakani kila mara badala ya kukiomba ni kulitia kanisa mwenyeji aibuni.

Nendeni mkapaone. Safari ya upelelezi ifanywe na wenzi wote wawili, na kama nauli inatosha mtu mmoja tu, aende yule aliye na mashaka zaidi. Laleni katika nyumba ya mwenyeji angalau siku tano, katika msimu wa mvua, nunueni chakula sokoni kwa fedha yenu, mchote maji wanakochota wengine, na muingie darasani kuona watoto wanakaa wangapi katika dawati moja.

Namna tulivyoamua

Mbele yetu palikuwa na njia tatu: kubaki wilayani, kurudi Tanzania, au kwenda Lubumbashi, nchini Kongo, ambako Kiswahili kinazungumzwa na chuo kimoja cha Biblia kilihitaji mwalimu. Lubumbashi ilinivutia sana. Lakini watoto wangeanza Kifaransa, lugha ya tatu ya shule baada ya Kireno na ile Kiingereza iliyokuwa ikiwasubiri nyumbani, na barua ya mwaliko haikuwa na neno lolote kuhusu mke wangu.

Njia ya nne ilikuwa imekuja kwetu yenyewe. Tangu machafuko yaanze katika jimbo jirani la Cabo Delgado mwaka 2017, familia nyingi zilikuwa zimekimbilia jimbo la Nampula, na miongoni mwao walikuwamo watu wa pwani wanaozungumza Kimwani, lugha iliyo jirani sana na Kiswahili. Kiswahili ambacho kwa miaka mingi tulikitumia ndani ya nyumba tu kikawa lugha ya kuwasikiliza watu waliofiwa. Kanisa mwenyeji lilituomba tuhamie mjini Nampula, mimi kwa malezi ya kiroho ya familia hizo na mke wangu kwa afya ya mama na mtoto, majina yote mawili yakiwa kwenye barua moja. Ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka tulipokuwa. Binti yetu angemaliza hatua yake ya masomo kwa Kireno. Tulifunga na kuomba kwa wiki mbili, na jioni ya mwisho nikamwomba kila mmoja aseme anachoona, nikianza na mdogo na mimi nikiwa wa mwisho, kwa sababu baba akisema kwanza wengine husema "ndiyo".

Kuondoka

Tangazeni tarehe ya kuondoka na msiibadilishe. Kabidhini mali ya kanisa kwa orodha iliyotiwa sahihi, lipeni madeni yote hata ya dukani, nendeni kwa mliokosana nao, na kwa mwaka wa kwanza msirudi kuhubiri mlikotoka ila mkialikwa na aliyepokea kazi, ili watu wamzoee. Familia inayohama saa tatu tu huona haya ni mambo ya wanaokwenda mbali, nasi tulikaribia kuyaacha.

Tengeni pia siku nzima ya watoto kuaga, na wao ndio wachague wa kuagwa. Mdogo wetu hakutaja mtu yeyote wa kanisani. Alimtaja mama anayeuza bajia kwenye njia ya shule, ambaye sisi wazazi tulikuwa tukimpita kwa salamu bila kujua anakaa wapi. Mtoto alipajua. Tulimfuata, yeye akitangulia, hadi kwenye nyumba ya udongo nyuma ya kisima, na yule mama alipofungua mlango alimwita kwa jina la Kimakua ambalo hatukuwahi kulisikia.