Kifaa cha kukaza nyonga: kabla hujatuma hela

Mkojo unaoponyoka ukicheka, ukipiga chafya au daladala ikiruka tuta, mara nyingi hutulia kwa kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobeba kibofu, mji wa mimba na utumbo wa haja kubwa. Siku hizi wauzaji wa mitandaoni wanakuletea vifaa mpaka mlangoni kwa bodaboda: vizito vidogo vya kuweka ukeni, vipima mbano vinavyoungana na simu, mashine za umeme. Kabla ya kulipa, jipime bure.

Nawa mikono, lala chali, kunja magoti, weka kioo kidogo katikati ya mapaja. Bana kama unayezuia ushuzi na mkojo kwa pamoja. Angalia msamba, ile nyama kati ya uke na njia ya haja kubwa. Ukipanda na kuingia ndani, umeupata msuli. Ukivimba kuja kwenye kioo, unasukuma, hubani. Kosa hili wanalifanya wengi, na simu haitakuambia: vipima mbano vingi vinasoma presha tu, na kusukuma nako kunaongeza presha. Unapewa alama za juu huku unazidi kuishusha sakafu ya nyonga.

Ukishaupata, bana na kuinua kwa kuhesabu 3, legeza kabisa kwa muda uleule, rudia mara 8. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, ukipandisha hesabu polepole hadi 8 au 10. Pumzi iendelee; makalio na mapaja yabaki laini. Usifanye mazoezi ukiwa unakojoa, kwani kibofu hakimalizi mkojo. Na kabla ya kukohoa au kunyanyua ndoo, bana kwanza. Jipe miezi 3. Andika kila siku umelowa mara ngapi, maana kumbukumbu hudanganya.

Je, kifaa kinaongeza kitu? Utafiti wa OPAL wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, uligawa wanawake 600: wote walifundishwa mazoezi, nusu yao wakaongezewa kifaa cha kuonyesha mbano. Baada ya miezi 24 hali zao hazikupishana. Kwa hiyo kipima mbano kinamfaa asiyehisi kama anabana au la, na anayesahau mazoezi bila kukumbushwa. Mwingine anaweza kukumbushwa na adhana, bure.

Vizito vina kasoro yake. Kikilala kimshazari hukaa ndani bila wewe kubana chochote. Vuta uzi taratibu: usiposikia msuli ukikizuia, zoezi halifanyiki. Mayai ya mawe ya kuweka ukeni yaache kabisa. Jiwe lina vitundu vidogo vya kuficha vijidudu, na lisilo na uzi linaweza kugoma kutoka.

Mashine ya umeme ni ya yule ambaye msuli haujibu kabisa anapojaribu kubana. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aipange, kwa sababu umeme wa kutibu mkojo unaoponyoka ukikohoa, kwa kawaida karibu hezi 50 (mapigo 50 kwa sekunde), si ule wa kutibu mkojo unaokubana ghafla, karibu hezi 10. Usiitumie ukiwa mjamzito, ukitokwa damu, ukiwa na maambukizi au kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini. Aliyejifungua asiingize chochote ukeni kabla ya wiki 6 na kukaguliwa kliniki.

Kifaa cha silikoni kipakwe jeli ya maji. Jeli ya silikoni hukiharibu. Kioshe kwa sabuni isiyo na manukato na ukikaushe kabisa, maana kwa unyevu wa Dar, kikifungiwa kibichi kinaota ukungu. Hakiazimwi, hata kwa dada yako.

Shabu ya kubana uke nayo, kwa kuwa wauzaji walewale wanaiuza: inakausha na kuchubua ngozi ya uke. Msuli haiugusi.

Kuna hali ambazo usijitibu kwa kifaa. Mkojo unaochuruzika mchana na usiku baada ya uchungu wa kujifungua wa muda mrefu huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo inahitaji upasuaji, na hospitali ya CCBRT kule Msasani, Dar es Salaam, wanaitibu. Ukiona damu kwenye mkojo, au kitu kinashuka ukeni, nenda hospitali. Mkojo ukikuunguza, pima kwanza maambukizi. Na ukiumia wakati wa tendo la ndoa au mkojo ukichelewa kuanza, pengine msuli umekaza kupita kiasi; hapo kubana zaidi kunaongeza maumivu, na kinachotakiwa ni kufundishwa kulegeza.

Miezi 3 ikiisha bila daftari kuonyesha nafuu, usipande kwenye kifaa cha bei kubwa zaidi. Omba rufaa ya fiziotherapia, uulize kama wanafanya ya nyonga, na uende na lile daftari.