Pakua majaribio ya sayansi nyumbani, darasani usitegemee mtandao

Walimu wenzangu wa sayansi hapa Kisumu na kule Ahero, kama mtandao wa shule ni wa kusuasua, msisubiri utengemae. Ingieni kwenye tovuti ya PhET, mradi wa majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanza mwaka 2002. Ni bure. Chagua jaribio la HTML5, yaani aina inayofunguka ndani ya kivinjari chenyewe (yale ya zamani yanayohitaji programu ya Java yaruke, yanasumbua), lipakue, litie kwenye flashi. Darasani unalifungua kwa kivinjari, bila bando.

Ninalolipenda zaidi ni lile la saketi za umeme. Wanafunzi huunganisha betri, waya, swichi na balbu, kisha wanaziona elektroni, vidoa vya buluu, zikipita ndani ya waya. Ongeza betri ya pili kwa mfululizo, vidoa vinakaza mwendo na balbu inang'aa zaidi. Mtu akiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, betri inawaka moto pale kwenye skrini, na darasa zima linataka kujua kwa nini.

Lakini usikimbilie kubonyeza. Waambie kwanza watabiri kitakachotokea na waandike daftarini, ndipo mmoja wao aje abonyeze. Bila hivyo watatazama kama sinema. Na ukiwa na betri na balbu halisi, hata seti moja, waunganishe hiyo pia siku iyo hiyo.